Leseni Haina Mrithi: Msimamizi wa Mirathi na Uchunguzi Ulioachwa na Marehemu

Mfamasia, daktari, wakili, mhasibu au mhandisi anapofariki huku bodi ya taaluma yake ikimchunguza, mambo mawili yaliyokuwa yamefungamana hutengana siku hiyohiyo. La kwanza ni leseni pamoja na tuhuma ya nidhamu. Hayo yalikuwa ya mtu, na mtu ameondoka. La pili ni vile vilivyoizunguka leseni: mzigo ulio dukani, majalada ya wateja, fedha za watu benki, mikataba, madeni, nyaraka ambazo mchunguzi alikuwa amezitaka. Hivyo vimebaki, na sheria inamtazama msimamizi wa mirathi kuwa ndiye mwenye navyo. Karibu kila kosa linalofanywa na familia katika mambo haya hutokana na kuchanganya hayo mawili. Wapo wanaodhani faili limezikwa na mwenyewe, wakauza kila kitu kabla ya arobaini. Wapo pia wanaodhani wamerithi kesi, wakajificha bodi inapopiga simu.

Nchini Tanzania, mamlaka ya bodi hizi yana mipaka inayosaidia kuelewa hali hiyo. Baraza la Famasi linafanya kazi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, Kamati ya Mawakili chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya sheria ya mwaka 1997. Madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika, wahasibu na wakaguzi wa hesabu wana NBAA, na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana AQRB. Kila chombo kina daftari lake, na nguvu yake ya nidhamu iko juu ya mtu ambaye jina lake limo humo. Adhabu kuu ni onyo, kusimamishwa na kufutwa, na hakuna hata moja inayoweza kumfikia marehemu. Kwa kanuni ya jumla, basi, shauri la nidhamu ambalo halijaamuliwa hukoma. Lakini uchunguzi wa tukio lenyewe unaweza kuendelea. Nchini Uingereza, tume ya Jaji Janet Smith iliyochunguza vifo vya wagonjwa wa daktari Harold Shipman haikuvunjwa alipofariki gerezani Januari 2004. Iliendelea kutoa ripoti hadi mwaka 2005, kwa sababu swali lilikuwa limehama kutoka kwa daktari hadi kwa mfumo uliomwachia. Vivyo hivyo, Baraza la Famasi linaloona kwamba dawa zenye shaka zilipita katika duka la marehemu litataka kujua zilitoka wapi na zilikwenda wapi, awe hai au asiwe hai.

Swali la kwanza ambalo masjala ya bodi itamuuliza mtu yeyote anayefika na barua ni hili: wewe ni nani? Kuwa mke, kaka au mtoto mkubwa hakutoshi. Aliyetajwa katika wosia kuwa msimamizi hupata nguvu yake kutoka kwenye wosia huo, ingawa ofisi nyingi hazitamsikiliza mpaka mahakama iuthibitishe. Pasipo wosia, nguvu huanzia kwenye uteuzi wa mahakama. Njia yenyewe inajulikana na wengi: cheti cha kifo kutoka RITA, kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa, barua ya Serikali ya Mtaa, kisha maombi mahakamani. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila, na mirathi mingine hupelekwa katika mahakama za juu yake. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichopo Temeke kimekusanya ngazi hizo mahali pamoja kwa mashauri ya mirathi na familia. Kifungu cha 99 cha Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, kinamtambua aliyeteuliwa kuwa mwakilishi wa kisheria wa marehemu kwa mambo yote. Nakala ya hati ya uteuzi iliyothibitishwa ndiyo itakayofungua milango ya bodi, benki, mamlaka ya mapato (TRA) na msajili wa kampuni na majina ya biashara (BRELA), kwa hiyo ni busara kuomba nakala kadhaa kwa mkupuo.

Kati ya mazishi na uteuzi kuna wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, ambazo hakuna mwenye mamlaka kamili. Katika kipindi hicho mtu wa familia anaweza kulinda tu. Anaweza kufunga mlango, kuhesabu funguo, kupiga picha hali ya duka au ofisi, na kuijulisha bodi kwamba mwanataaluma wake amefariki. Hawezi kuuza, kugawa wala kulipa madeni kwa hiari yake, kwani anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini anaweza kudaiwa kana kwamba yeye ndiye msimamizi. Desturi ya kutogusa vitu vya marehemu mpaka arobaini ipite ni njema kwa nguo na vitanda. Kwa insulini na chanjo zilizo kwenye friji ya duka la dawa ni hatari, maana umeme wa LUKU ukiisha ndani ya fremu iliyofungwa, hakuna atakayejua mpaka mzigo umeharibika. Baraza la Famasi likiombwa mapema, linaweza kuelekeza dawa za aina hiyo ziwekwe wapi. Familia ikikaa kimya, Baraza litakuta hasara na pengine kosa jipya.

Barua ya taarifa iwe fupi. Iandikwe kwa Msajili, ibebe namba ya usajili ya marehemu na kumbukumbu namba ya barua ya mwisho kutoka bodi, na kichwa chake kiseme wazi jambo lenyewe: YAH: TAARIFA YA KIFO CHA MFAMASIA, na jina lake. Ndani yake yatoshe mambo manne. Tarehe ya kifo na nakala ya cheti. Jina la msimamizi na hati yake, au taarifa kwamba maombi yako mahakamani. Ombi la kuelezwa hatua ambayo shauri limefikia, na ombi la kusogezewa tarehe yoyote ya majibu au ya usikilizwaji iliyopangwa. Nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwa msimamizi. Anayepiga simu tu, hata akijibiwa kwa upole, baadaye hana cha kuonyesha.

Kilicho kigumu zaidi ni kujua nini kisiandikwe. Msimamizi hakuwepo tukio lilipotokea, na hata kama alikuwepo, aliteuliwa kusimamia mali. Ushahidi juu ya mwenendo wa marehemu si kazi ya uteuzi huo. Barua inayoeleza kwamba “marehemu alikosea lakini nia yake ilikuwa njema” inaweza kurudi ikiwa kielelezo katika dai la fidia dhidi ya mirathi. Barua inayomtuhumu mlalamikaji kuwa mwongo nayo haina faida. Bodi ikitaka maelezo ya kitaaluma, jibu sahihi ni kwamba msimamizi hana ufahamu binafsi wa jambo hilo, ila atatoa nyaraka zilizopo kwa orodha iliyosainiwa na pande mbili. Nakala itolewe kwanza. Nakala halisi ikichukuliwa, kibaki kivuli chake na stakabadhi. Kama tuhuma inagusa kifo, ulemavu au fedha nyingi, wakili aisome barua kabla haijatumwa.

Simu ya marehemu ni sehemu ya nyaraka. Oda nyingi za Kariakoo, Dar es Salaam, hupita WhatsApp, malipo hupita kwenye lipa namba, na mara nyingi ushahidi pekee kwamba mzigo fulani ulinunuliwa kwa mwuzaji halali umo kwenye ujumbe wa sauti wa nusu dakika. Kuifuta simu ili apewe mtoto aanze nayo shule kunaweza kuwa kupoteza utetezi wote wa mirathi. Ikionekana kulifanywa makusudi, kunaweza kuhesabiwa kuwa kuharibu ushahidi. Kumbukumbu za wagonjwa zina mzigo wa ziada, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa, na usiri wa mgonjwa haukuzikwa na daktari wake. Daftari la kliniki halipaswi kupita mikononi mwa shemeji na jirani eti wanatafuta wadaiwa.

Duka la dawa linastahili maelezo marefu kuliko mengine, kwa kuwa huko leseni, bidhaa na mahali vimeshikana kuliko popote. Kwanza ijulikane marehemu alikuwa nani dukani. Kama duka lilikuwa chini ya kampuni, kampuni haijafa. Hisa za marehemu ndizo zinazoingia kwenye mirathi, na kampuni itaendelea kujibu hoja za Baraza yenyewe, ikiwa na mfamasia mwingine. Kama lilikuwa jina la biashara tu lililosajiliwa BRELA, basi mwenye biashara ndiye aliyekufa, na hakuna anayeweza kuendelea kuuza kwa kibali chake, hata kama muuzaji aliyezoea kaunta kwa miaka kumi anazijua dawa zote.

Kuna hali ya tatu, isiyopendwa kusemwa. Marehemu hakuwa mwenye duka. Alikuwa mfamasia msimamizi kwenye karatasi, cheti chake kikining'inia ukutani kwa malipo ya mwezi huku yeye akifanya kazi kwingine. Hapo msimamizi wa mirathi ana jukumu moja la haraka, nalo ni kukichukua cheti kile halisi na kuliandikia Baraza kwamba tangu tarehe ya kifo marehemu hasimamii duka lolote. Cheti kikiendelea kuning'inia, jina la marehemu litaendelea kukusanya makosa ambayo hakuyafanya, na uchunguzi uliokuwa wa jambo moja utazaa mengine. Mwenye duka atalalamika kwamba anafungiwa biashara. Kutafuta mfamasia mwingine ni kazi yake.

Mzigo uhesabiwe mbele ya mashahidi, na ikiwezekana mbele ya mkaguzi. Orodha ionyeshe jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na kiasi. Dawa zilizokwisha muda zitengwe. Haziuzwi, hazitupwi kwenye dampo, na uteketezaji wake hufanywa kwa utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019 udhibiti wa chakula ulipohamia TBS. Dawa zinazodhibitiwa, zile zinazoandikwa kwenye rejista yake, zihesabiwe peke yake na kulinganishwa na rejista. Zikipungua au kuzidi, tofauti iandikwe kama ilivyo, isisawazishwe kwa kalamu. Na kama kuna pakiti au vidonge vyenye alama ya GOT, yaani dawa za serikali zinazosambazwa na Bohari ya Dawa, hizo si mali ya mirathi kabisa. Huenda hata ndizo zilizoanzisha uchunguzi. Msimamizi azitenge, azitolee taarifa, asizirudishe kimyakimya kwa mtu anayedai ndiye aliyezileta.

Dawa zilizo halali na zenye muda zina thamani, na thamani hiyo ni ya warithi na wadai. Kishawishi kikubwa ni jirani wa fremu ya pili anayekuja siku ya tatu ya msiba na fedha taslimu, akiomba aondoe mzigo wote kwa bei ya jumla kabla haujaharibika. Huenda ana nia njema. Lakini anayeruhusiwa kununua dawa kwa ajili ya kuuza ni mwenye kibali cha biashara hiyo, na mauzo yasiyo na idhini yanaharibu mambo mawili kwa mpigo: ushahidi wa uchunguzi na hesabu za mirathi. Njia iliyo salama ni kuliandikia Baraza, kuambatanisha orodha ya mzigo, kumtaja mnunuzi mwenye kibali, na kusubiri ruhusa ya maandishi.

Halafu kuna mali kauli. Wauzaji wa jumla wa Kariakoo hutoa mzigo kwa neno la mdomo na daftari, na mwenye daftari akifa, wadai hujitokeza hata matangani. Baadhi yao ni wa kweli. Msimamizi asimkatalie wala asimkubalie mtu kwa sura. Amtake kila mmoja alete dai kwa maandishi, lenye tarehe, bidhaa na kiasi, kisha lilinganishwe na daftari la marehemu na risiti za EFD. Faida ya pili ya zoezi hilo ni kwamba linampa mchunguzi majibu: mwuzaji anayedai kwamba alimpa marehemu katoni fulani kwa mali kauli amekiri pia kwamba katoni zile zilitoka kwake.

Fremu nayo ina mambo yake. Kilemba kilicholipwa kupata fremu katika mtaa kama Congo au Msimbazi kinaweza kuwa kikubwa kuliko mzigo wote uliomo ndani, na mwenye nyumba ana haraka. Akiona kodi imechelewa, ataweka kufuli lake juu ya kufuli la marehemu. Kama mamlaka ilikuwa imeweka utepe au lakiri mlangoni, hakuna kati ya mwenye nyumba na msimamizi anayeruhusiwa kuivunja. Barua moja kwa mwenye nyumba, yenye nakala kwa Baraza, ikieleza kwamba kodi ni deni la mirathi na kwamba chumba kiko chini ya uchunguzi, huokoa ugomvi mwingi. Wakati huohuo Halmashauri ya Jiji ijulishwe kuhusu leseni ya biashara, na TRA kuhusu namba ya mlipakodi, la sivyo makadirio ya kodi yataendelea kutoka kwa jina la mtu aliyezikwa.

Kwa wakili anayefanya kazi peke yake, jambo kubwa ni fedha na hati zisizo zake. Fedha zilizo kwenye akaunti ya wateja hazimo katika mirathi, hata kama benki inazionyesha chini ya jina la marehemu. Vivyo hivyo hati za nyumba zilizoachwa kwake ili mauzo yakamilike. Msimamizi asiyekuwa wakili hapaswi kufungua majalada na kuanza kuyasoma. Aombe wakili mwingine ayapokee kwa orodha, kwa kushauriana na Chama cha Mawakili Tanganyika, na kila mteja arudishiwe chake kwa saini. Malalamiko mengi dhidi ya mawakili huhusu fedha zilizopokewa na kutofikishwa, na hapo kifo hakifuti kitu: mteja aliyekuwa akisubiri uamuzi wa Kamati ya Mawakili sasa anaweza kuidai mirathi moja kwa moja. Mhasibu na mkaguzi wa hesabu wako karibu na hali hiyo, ila vitabu vya wateja vinavyohitajika na TRA virudishwe mapema.

Wahandisi na wabunifu majengo wana mkia mrefu zaidi. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua zaidi ya watu 20, na lile la ghorofa nyingi lililoanguka katikati ya jiji Machi 2013 liliua zaidi ya 30. Baada ya matukio kama hayo, maswali hurudi kwa kila aliyetia muhuri kwenye mchoro. Michoro, hesabu za nondo, barua za kumwonya mwenye jengo na kumbukumbu za ukaguzi wa eneo la ujenzi ndizo zitakazoonyesha kama marehemu alikataa ghorofa ya ziada au aliinyamazia. Kwa kawaida ziko kwenye kompyuta moja na kabati moja. Mihuri yake irudishwe kwa bodi iliyompa, kwa stakabadhi, maana muhuri wa mhandisi aliyekufa una soko.

Pamoja na shauri la nidhamu huweza kuwapo kesi ya jinai au ya madai, na kila moja ina kanuni zake. Jinai humalizika kwa kifo cha mshtakiwa, ila mahakama haijui mpaka ipelekewe cheti cha kifo. Wadhamini walioweka hati za nyumba zao wataendelea kufungwa na dhamana hiyo mpaka hilo lifanyike. Vitu vilivyokamatwa na polisi huombwa kwa kutumia hati ya ukamataji, na vingine havitoki bila amri ya mahakama. Madai ni kinyume chake: madai mengi yaliyokuwapo dhidi ya marehemu yanaendelea dhidi ya mirathi, isipokuwa machache kama ya kashfa. Kesi ikiwa tayari iko mahakamani, ombi la kumwingiza msimamizi badala ya marehemu lina ukomo wa siku 90, hivyo upande wa pili hautachelewa. Kwa dai jipya, ukomo wa kawaida ni miaka 3 kwa madhara na miaka 6 kwa mkataba.

Hapo ndipo ugawaji wa urithi unapokutana na uchunguzi. Faini iliyokwisha kuamuliwa kabla ya kifo ni deni kama mengine. Ambayo haikuamuliwa haina wa kutozwa. Katikati yao kuna madai yanayonukia tu: mgonjwa aliyeumia, mteja aliyepoteza fedha, mwenye jengo lenye nyufa. Msimamizi ayaorodheshe yote katika taarifa yake kwa mahakama na kuandika kwamba kiasi hakijajulikana. Mahakama ya Mwanzo hutaka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V ndani ya miezi 4, na hesabu kwa Fomu Na. VI kwa vipindi inavyovipanga baada ya hapo. Chini ya Sura ya 352 orodha hupelekwa ndani ya miezi 6, na hesabu ndani ya mwaka 1. Muda usipotosha, uongezwe kwa maombi, na barua ya bodi inayosema shauri bado liko wazi ndiyo sababu bora ya kuambatanisha.

Warithi watasukuma wagawiwe. Mirathi ya Kiislamu yenyewe inawajibu, kwa kuwa gharama za maziko na madeni hutangulia, kisha wasia usiozidi theluthi, na mafungu ya warithi ni ya mwisho. Kukiwa na dai lenye uzito, sehemu ya fedha ibakizwe benki na ugawaji wa awamu uombewe kibali. Msimamizi aliyegawa yote huku anajua kuna mdai anaweza kutakiwa kulipa kutoka mfukoni mwake, na ndugu waliokula fungu lao huwa wagumu kulirudisha.

Familia nyingi hutaka zaidi ya hapo: jina lisafishwe. Bodi haina wajibu wa kumwendeshea marehemu usikilizwaji, na mara nyingi haitafanya hivyo. Kinachoweza kuombwa, na kwa kawaida ni ombi la haki, ni barua inayosema shauri limefungwa kwa sababu ya kifo bila uamuzi wowote kutolewa, na kwamba jina limeondolewa daftarini kwa kifo, si kwa adhabu. Tofauti hiyo ina maana kwa pensheni, bima, na mtoto anayeomba usajili katika fani ileile. Mlalamikaji naye anastahili kujulishwa. Kumjibu kwa barua ya heshima, bila kukiri wala kukana, mara nyingi kumezuia kesi kuliko ukali wa wakili.

Barua ya kufunga ikipatikana, nakala yake iambatanishwe na hesabu ya mwisho ya mirathi. Makabrasha yaliyobaki, ikiwa ni pamoja na orodha ya mzigo, stakabadhi za bodi, hati za uteketezaji na saini za wateja waliorudishiwa majalada, yafungwe kwenye sanduku moja lenye jina la marehemu. Yatunzwe walau mpaka ule ukomo wa miaka 6 wa madai ya mkataba upite. Msimamizi ajue yaliko, na mtu mmoja zaidi katika ukoo ajue pia.